Nionyesheni sehemu Yesu alimfokea mwenye dhambi wa kawaida, mimi sijaiona

#1 Kibanzi

Wakuu heshima kwenu.

Nina dai moja, mlivunje kama mnaweza. Nimezipitia Injili zote nne nikiwa na swali moja tu kichwani, Yesu alikuwa mkali kwa nani? Ninachokiona ni hiki, wale ambao sisi ndio tunawashupalia, mzinzi, kahaba, mlevi, mtoza ushuru, yeye anakula nao, anaingia majumbani mwao, anaacha wamlilie miguuni. Halafu wale tunaowapa viti vya mbele ndio waliokula Mathayo 23 nzima, ole wenu, ole wenu, wanafiki, makaburi yaliyopakwa chokaa. Ukali ulipanda juu, upole ukashuka chini. Sisi tumegeuza.

Mchukueni Zakayo. Watu wananung'unika kaingia kwa mwenye dhambi, lakini angalia mpangilio wa Luka 19, Yesu anasema leo imenipasa kushinda nyumbani mwako KABLA Zakayo hajaahidi hata senti. Nusu ya mali kwa maskini na kurudisha mara nne vilikuja baadaye. Ingekuwa kwetu angeambiwa arudishe kwanza, alete barua, ahudhurie darasa la toba, kamati ikae, ndipo tumfikirie kumtembelea.

Dai langu ni kwamba Mkristo anayemshukia mwenye dhambi wa kawaida kwa hukumu hana mfano hata mmoja kwa huyo anayemfuata. Nileteeni mmoja tu nifunge uzi.

#2 Siti_ya_Nyuma

Nawahi siti mapema. Walokole wakifika mnishtue.

#3 Mwl_wa_Zamu

Mkuu Kibanzi mbona rahisi. Yohana 5, yule aliyekuwa hawezi miaka 38 pale birikani. Anaponywa, halafu Yesu anamkuta hekaluni anamwambia asitende dhambi tena, lisije likampata jambo baya zaidi. Huyo hakuwa Farisayo wala kuhani, ni mgonjwa tu.

Nakuongezea Mathayo 11, Korazini, Bethsaida na Kapernaumu, anawaambia Tiro, Sidoni na Sodoma zitapata nafuu kuliko wao siku ya hukumu. Miji mizima hiyo, na wauza samaki wamo humo. Haya, funga uzi.

#4 Kibanzi

Mwalimu usiniharakishe hivyo. Wa birikani alishanyanyuliwa kwanza, akatembea na godoro lake, onyo likaja baadaye tena wakiwa wawili tu. Kumwonya mtu uliyemnyanyua ni tofauti na kumwonya mtu uliyemruka ukapita.

Ile miji hakulaumu dhambi zao za chumbani, aliilaumu kwa kuona miujiza mingi na bado wakakaza shingo.

#5 Mwl_wa_Zamu

"Wakiwa wawili tu" umeitoa wapi? Andiko linasema alimkuta hekaluni, basi. Hekalu la Yerusalemu halikuwa mahali pa faragha, mkuu.

#6 Mama_Ushirika

Shalom wapendwa. Mimi huwa nasikitika watu wakinukuu "msihukumu" wakaishia hapo hapo kama vile Mathayo 7 ina mstari mmoja. Endelea kusoma mwanangu, mstari wa 5 unasema itoe kwanza boriti kwenye jicho lako NDIPO utaona vizuri kukitoa kibanzi kwa ndugu yako. Kwa hiyo kibanzi kinatolewa! Hakuambiwa amwache ndugu na kibanzi chake eti kwa sababu ya huruma. Mstari wa 6 unakwambia usitupe lulu mbele ya nguruwe, sasa utamjuaje nguruwe bila kupambanua, na wa 15 unakwambia jihadhari na manabii wa uongo, utawatambua kwa matunda. Hiyo yote ni kupima watu.

Halafu wewe na jina lako hilo ungekuwa wa kwanza kulijua hili 😀

#7 Siti_ya_Nyuma

Mama kamtoa kibanzi Kibanzi. Tuendelee.

#8 MpitaNjia

Mimi si muumini, napita tu, msinishambulie. Mnachobishania nyie kwa mtu wa nje kinaonekana tofauti kabisa. Paulo wenu anaandika kwa Wakorintho kwamba kuwahukumu walio nje hakumhusu, walio nje Mungu atawahukumu mwenyewe, kazi yenu ni humo ndani. Nyie mnafanya kinyume. Sisi wa nje tunahubiriwa jehanamu kwa spika mpaka usiku wa manane, ila mzee wa kanisa mwenye pesa akifumaniwa mnasema tusimhukumu mpakwa mafuta.

Nauliza tu kama mtu anayesoma mkataba wa watu wengine, hicho kipengele mlikifuta lini?

#9 Mlinzi_wa_Lango

MpitaNjia hapo umesema kweli na inauma, lakini ona ulichokubali bila kujua, HUMO NDANI KUNA KUHUKUMU. 1 Wakorintho 5 yote iko hivyo. Mtu anaishi na mke wa baba yake, kanisa linajivuna kwa uvumilivu wake, Paulo anawaambia chachu kidogo huchachua donge zima, mwondoeni huyo. Kanisa lisilo na nidhamu halina huruma, lina uvivu. Wengi wanaoimba huruma siku hizi ukiwachimba utakuta wanaogopa tu kugombana na mtu. Hofu yao wameipa jina zuri.

#10 Alto2

Nimekuwa msomaji wa humu muda mrefu, leo niandike.

Kwenye kwaya yetu kulikuwa na binti, sauti ya kwanza, alipata ujauzito. Akaitwa mbele baada ya ibada akatangaziwa kutengwa na kutakiwa arudishe joho. Yule binti alikuja nalo Jumapili iliyofuata. Alikuwa amelifua na kulipiga pasi, amelikunja vizuri, kola ameiweka juu na pini yake. Mzee aliyelipokea akalikunjua pale pale mbele ya watu, akaligeuza nje ndani, akaangalia pindo kama halijachanika, akahesabu vifungo. Ndipo akasema haya, unaweza kwenda. Nilikuwa nimesimama hatua chache, nilikuwa namwangalia binti mikono, hakujua aiweke wapi.

Na wimbo wa kufunga ibada ulipigwa kinanda na kijana ambaye kila mtu kwenye kwaya alijua ndiye mwenye mimba. Alipiga vizuri kama siku zote.

Tangu siku hiyo nikifika Yohana 8 nauliza swali moja tu, mwanamume yuko wapi? Maana wanasema huyu mama amefumaniwa katika tendo lenyewe, sasa alikuwa anazini na nani, ukuta? Walawi 20:10 inasema wauawe wote wawili, Kumbukumbu 22:22 vile vile. Wamekuja kutetea torati huku wameleta nusu ya kesi.

#11 Siti_ya_Nyuma

Kuhesabu vifungo jamani. VIFUNGO.

#12 Fundi_Tanuri

Alto2 asante, umeweka kitu kizito. Na mimi naona hapo Yohana 8 ndipo penye jibu la kwa nini watu wema wanakuwa wakatili. Ni umati. Chukua hao hao waliobeba mawe, mkalishe kila mmoja peke yake na yule mama, nina hakika wengi wangemwambia tu dada acha hii tabia, basi. Wakiwa pamoja hakuna anayeua, wanaua "sisi". Kumbukumbu 17:7 inasema mkono wa shahidi ndio utangulie, ili angalau mmoja abebe jina la kuanza. Yesu hakubishana nao sheria hata kidogo, aliuliza tu nani anaanza. Swali lilikuwa "tumfanye nini", likageuka kuwa "mimi ninafanya nini". Wakatoka mmoja mmoja, wazee wakitangulia. Hawakutoka kama kundi, hapo ndipo umati ulipokufa.

Hata yule mzee wa vifungo nadhani angekutana na binti njiani angemsalimia vizuri tu.

#13 Alto2

Alimsalimia kweli. Hiyo ndiyo inanichanganya mpaka leo.

#14 Mwl_wa_Zamu

Bila kumdharau Alto2, mimi ni mtu wa maandishi lazima niliseme hili. Yohana 7:53 mpaka 8:11 haimo kwenye nakala za kale zaidi tulizonazo. Codex Sinaiticus na Codex Vaticanus, zote za karne ya 4, hazina. Papiri mbili (nakala za mafunjo) za kabla ya hapo, P66 na P75, hazina pia. Kwa hiyo ukijenga fundisho zima la huruma juu ya kisa hiki ujue umejenga juu ya kipande chenye utata.

#15 Katekista_Mstaafu

Tumsifu Yesu Kristo. Mwalimu uko sahihi kwa nakala hizo, ila kamilisha basi. Kisa kimo kwenye Codex Bezae ya karne ya 5, na Jeromu alikiweka kwenye Biblia ya Kilatini. Tena Mtakatifu Augustino ametaja kwamba kuna watu wa imani haba walikiondoa kwenye nakala zao wakiogopa wake zao watapata kisingizio cha kuzini. Sasa fikiria hilo. Watu wanasoma huruma ya Bwana, wanaona ni ya hatari, wanachukua mkasi.

#16 Mwl_wa_Zamu

Katekista hayo ni maelezo ya Augustino, hayathibitishi kwamba ndivyo ilivyotokea. Kisa hicho hicho kwenye kundi fulani la nakala za Kigiriki kimewekwa kwenye Luka, baada ya sura ya 21. Kilikuwa kinaelea kikitafuta mahali pa kukaa. Kinaweza kuwa cha kweli kabisa na bado kisiwe sehemu ya Yohana.

#17 Siti_ya_Nyuma

Kwa hiyo huyo mama mpaka leo hana makazi, hata kwenye Biblia wanamhamisha hamisha. Tatizo lenu wanaume limeanza zamani.

#18 Mama_Ushirika

Huyu Siti anacheka lakini kasema kitu.

Mlinzi narudi kwako kwenye #9. Umesoma 1 Wakorintho 5 ukafunga Biblia. Fungua waraka wa pili sura ya 2. Paulo anasema adhabu aliyoipata huyo mtu kwa wengi inatosha, sasa msameheni na kumfariji asije akamezwa na huzuni yake. Aliyeandika mwondoeni ndiye aliyeandika mrudisheni. Makanisa mengi yana utaratibu mzuri wa kumtoa mtu, una mihuri na kumbukumbu za kikao, ila uliza utaratibu wa kumrudisha uone watu wanavyotazamana.

#19 Mlinzi_wa_Lango

Nakubali tunashindwa kwenye kurudisha. Ila mama hakuna uhakika ni mtu yule yule. Tertullian, mwandishi wa Kikristo wa mwanzoni mwa karne ya 3, alikataa kabisa kwamba aliyesamehewa kwenye waraka wa pili ndiye wa mke wa baba.

#20 Katekista_Mstaafu

Tertullian huyo huyo alikuwa mkali mpaka akamkebehi askofu aliyetangaza kuwasamehe wazinzi waliotubu. Usimlete kama shahidi asiye na upande, ndugu Mlinzi 😀

Na kwa kuwa tumeingia historia, ugomvi huu ni wa zamani mno. Mwaka 250 Kaisari Decius aliamuru watu wote watoe sadaka kwa miungu ya Roma na wapewe cheti. Wakristo wengi wakaanguka. Wengine walitoa sadaka kweli, wengine walinunua cheti bila kutoa. Mateso yalipopoa wakataka kurudi kanisani. Novatian, padri wa kule Roma, akasema hapana, milele hapana, kanisa ni la walio safi. Sipriani, askofu wa Karthago kule Afrika Kaskazini, akasema warudi. Kanisa likaenda na Sipriani.

#21 Mwl_wa_Zamu

Sipriani hakuwa mpole kiasi hicho, Katekista. Mwanzoni alisema wasubiri mpaka mateso yaishe na maaskofu wakae. Kikao cha Karthago cha 251 kiliamua kesi moja moja, wenye vyeti vya kununua wapokelewe baada ya kuchunguzwa, waliotoa sadaka kweli wasubiri mpaka saa ya kufa. Walikuja kulegeza baadaye dalili za mateso mapya zilipoonekana. Unaweza kumwita mtu wa katikati.

Nani walikuwa wapole kupita wote? Waliokuwa gerezani! Wale walioteswa wakakataa kumkana Kristo ndio walikuwa wanawaandikia walioanguka barua za amani, mpaka Sipriani akalalamika wanazigawa ovyo. Nimekaa na hilo jambo sana. Aliyeumia kwa kusimama anamhurumia aliyeanguka, na mkali ni Novatian ambaye anabishania usafi wa kanisa.

#22 Fundi_Tanuri

Hiyo nilikuwa siijui, asante. Ila si kanuni, nawajua watu walioteseka wakawa wakali kuliko wote. "Mimi nilivumilia, wewe umeshindwa nini?" Kaka mkubwa wa Luka 15 ndiyo wimbo wake, miaka yote hii nakutumikia. Huyo haogopi dhambi kuambukiza, ana hesabu tu, anaona mdogo wake amefaidi pande zote mbili. Mimi nadhani nusu ya hukumu makanisani ni wivu wa watu waliokaa nyumbani bila kutaka.

#23 Siti_ya_Nyuma

"Waliokaa nyumbani bila kutaka" naomba watu fulani wa fellowship yetu wasione huu uzi.

#24 Kimya_Kirefu

Nimesoma toka #1. Naandika hili mara moja na sitajibu maswali.

Nilipokuwa mdogo kuna mtu wa kanisani alinidhuru. Nilipokuja kusema, akaitwa, akalia, akaomba msamaha mbele ya viongozi, na kabla ya Jumapili iliyofuata alikuwa amesamehewa. Mimi niliambiwa tusihukumu. Nilisomewa Mathayo 7 hiyo hiyo mnayoibishania. Niliposhindwa kushika mkono wake wakati wa kupeana amani nikaambiwa nina uchungu moyoni na nahitaji maombezi. Yeye alirudi kuhudumu. Mimi ndiye niliyeondoka.

Kwa hiyo Kibanzi ukisema huruma, sema kwa nani. Msamaria alimhurumia aliyepigwa. Hakuwafuata wanyang'anyi porini kuwakumbatia huku yule mtu anavuja damu barabarani.

Na uliomba sehemu ambapo Yesu ni mkali kwa mwenye dhambi wa kawaida. Mathayo 18:6. Jiwe la kusagia shingoni na kilindi cha bahari. Hakusema ni Farisayo, alisema mtu YEYOTE atakayemkosesha mmojawapo wa wadogo hawa.

#25 Mama_Ushirika

Pole sana mwanangu. Sina andiko la kukupa leo. Asante kwa kuandika.

#26 Kibanzi

Kimya_Kirefu pole sana. Nimesoma mara kadhaa. Uzi siufungi ila dai la #1 kwa namna nilivyoliandika limekufa hapo, sitalitetea.

#27 Mlinzi_wa_Lango

Pole ndugu. Na niseme kwa wote, kosa la jinai halipelekwi kwenye kikao cha wazee. Mathayo 18:15, mwendee wewe na yeye peke yenu, haimhusu mtoto aliyedhuriwa, hakuna mahali Yesu anamwambia mtoto akakae chumbani na aliyemdhuru wayamalize. Polisi wapo. Hayo yakisemwa, hiki ndicho nilikuwa nahofia toka mwanzo, neno huruma likiachwa bila mlinzi linaishia mikononi mwa mwenye nguvu, linamfunika yeye.

#28 MpitaNjia

Na neno hukumu nalo likiachwa bila mlinzi linaishia kwa nani? Kwa binti wa joho. Naona maneno yote mawili yana mwenyewe mmoja humo ndani kwenu. Kinanda kilihurumiwa, alto ikahukumiwa.

#29 Alto2

Alikuwa sauti ya kwanza, alto ni mimi 😅 Ila ndiyo, umeelewa.

#30 Katekista_Mstaafu

Wapendwa kuna habari ya Abba Musa, yule Mwethiopia wa jangwa la Sketi kule Misri, karne ya 4, alikuwa jambazi kabla ya kuwa mtawa. Ndugu mmoja alikosea, wazee wakakaa kumhukumu, Musa akaitwa akagoma. Wakamtumia mtu tena. Akaja amebeba mgongoni kikapu cha mchanga kilichotoboka, mchanga unamwagika nyuma yake. Wakamuuliza hii nini? Akasema ni dhambi zangu, zinamwagika nyuma yangu wala sizioni, na leo nimekuja kuhukumu kosa la mwenzangu. Wakamsamehe yule ndugu.

#31 Mwl_wa_Zamu

Ni mtungi wa maji unaovuja.

#32 Katekista_Mstaafu

Mimi nimefundishwa kikapu cha mchanga.

#33 Mwl_wa_Zamu

Zipo simulizi zote mbili. Mtungi ndio umo kwenye mkusanyo wa Kigiriki wa misemo ya mababa wa jangwani uliopangwa kwa herufi. Mchanga upo kwingine.

#34 Siti_ya_Nyuma

Mtu anahubiri msamaha nyie mnapima chombo. Nawapenda sana.

#35 MpitaNjia

Nzuri, ila baada ya #24 siwezi kuisoma kama zamani. Yule ndugu alikosea nini? Hatujaambiwa. Kama alikula mkate siku ya kufunga, safi, mtungi uvuje. Kama alimuumiza mtu, huyo aliyeumizwa alikuwa wapi kikao kinaendelea?

#36 Fundi_Tanuri

Hilo swali ni halali kabisa na sidhani kama kuna mtu humu atalimaliza.

Mimi naongeza kitu kuhusu gharama. Hukumu haina bei, unaitoa umekaa. Angalia Msamaria alivyotumia, mafuta, divai, mnyama wake akampandisha yule mtu yeye akatembea kwa miguu, usiku mzima wa kumuuguza, dinari mbili, na ahadi ya kulipa zaidi akirudi. Dinari ndiyo ujira wa kutwa kwa mujibu wa Mathayo 20, kwa hiyo siku mbili za kazi kwa mtu asiyemjua, wa taifa lisilopatana na lake. Ndiyo maana Kaisari Julian, aliyetaka kurudisha miungu ya zamani, kwenye miaka ya 360 alikuwa analalamika kwa kuhani wake mmoja kwamba ni aibu, hawa Wagalilaya, ndivyo alivyowaita Wakristo, wanalisha maskini wao na maskini wetu juu. Hakulalamika kwamba wanahubiri vizuri.

Kwa hiyo kipimo changu cha huruma ni hiki, nani amelipa? Kwa Kimya_Kirefu wale viongozi hawakulipa chochote, walimlipisha yeye.

#37 Mama_Ushirika

Nimeipenda hiyo ya nani amelipa.

Ila hata ukilipa utasemwa. Padri Damien alikwenda Molokai, kisiwa cha Hawaii, mwaka 1873 kukaa na wenye ukoma waliotupwa huko, akaupata ukoma mwenyewe, akafa 1889. Hajakaa sawa kaburini mchungaji mmoja wa Honolulu akaandika kwamba jamaa alikuwa mchafu na ugonjwa aliupata kwa uasherati. Robert Louis Stevenson, yule mwandishi wa Scotland ambaye naye alikuwa wa upande wa Waprotestanti, akamjibu kwa barua ya wazi mwaka 1890, kali kweli kweli.

#38 Kibanzi

Mama hapo umenipa swali jingine. Barua ya Stevenson ilikuwa kali, imemvua nguo yule mchungaji. Hiyo nayo ni huruma au hukumu?

#39 Mama_Ushirika

Kwa Damien ni huruma, kwa mchungaji ni hukumu 😂

#40 Mlinzi_wa_Lango

Karibu upande wetu mama.

#41 Karani

Samahani nawarudisha chini kidogo, nina jambo la kweli na kikao ni wiki hii. Ndugu mmoja alikula fedha za kanisa, akashtakiwa, akafungwa, amemaliza kifungo amerudi. Amekiri, analipa kidogo kidogo. Tulimpokea vizuri, anaimba, anafagia, hakuna shida. Sasa anaomba arudi kwenye uhasibu maana ndiyo taaluma yake, na anasema maneno yanayotuchoma, "kama mmenisamehe nirudishieni nilichokuwa nafanya, msiponirudishia bado mnanihukumu". Kamati imegawanyika katikati. Mnasemaje?

#42 Mwl_wa_Zamu

Mfuko asipewe. Kusamehe ni deni kufutwa, kuaminiwa ni kitu kingine, kinajengwa. Na kumweka mtu pale pale alipoanguka ni kumtega. Tunaomba kila siku usitutie majaribuni halafu tunamtia ndugu.

#43 Fundi_Tanuri

Lakini Petro? Alikana mara tatu, akaulizwa mara tatu, na kila akijibu anapewa kazi, lisha kondoo zangu. Hakuambiwa aimbe na kufagia kwanza. Alirudishiwa kazi ile ile, kubwa kuliko zote.

#44 Mlinzi_wa_Lango

Petro hakuiba mfuko. Aliyekuwa na mfuko ni Yuda, Yohana 12:6 inasema wazi alikuwa mwizi na alikuwa anachukua vilivyotiwa humo.

#45 MpitaNjia

Sasa huyo wenu si alimwachia mfuko mwizi mpaka mwisho? Hakumnyang'anya.

#46 Mlinzi_wa_Lango

Na mwisho wake umeuona.

#47 Alto2

Karani, umewauliza waumini ambao sadaka zao ndizo zililiwa? Au kamati ndiyo inasamehe kwa niaba yao? Nauliza kwa sababu ya #24.

#48 Karani

Hatujawauliza. Kusema kweli halikutajwa kabisa kikaoni. Nitalipeleka.

#49 Katekista_Mstaafu

Kama mnaona arudi, basi weka sahihi mbili kwenye kila malipo na hesabu zisomwe mbele ya waumini kila mwezi. Hata kama hajaiba mtu, hiyo ilipaswa iwepo tangu zamani, kumwacha mtu peke yake na pesa si upendo.

#50 Karani

Sahihi mbili tumekubaliana Katekista. Shida aliyependekezwa kwa sahihi ya pili ni shemeji yake.

#51 Siti_ya_Nyuma

😂😂 Mimi siti yangu nimeirudisha.